Makala za furu na dagaa: naona ikisiri tu, makala kamili inagoma

mtoto_wa_ghubani
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho, chuo kimoja hapa Mwanza, na utafiti wangu ni wa furu (wale samaki wadogo wa ziwani) na dagaa wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Kila nikitafuta makala Google naishia kwenye ikisiri. Nikibonyeza PDF nadaiwa dola thelathini na kitu. Hela hiyo mwaloni Kirumba narudi na dagaa wa kula muhula mzima! Chuoni inafunguka, ila kompyuta za maktaba ni foleni. Nikiwa geto haifunguki. Na supavaiza anazitaka pia zile za Waholanzi wa zamani. Mnapitaje hapo?

kijana_igoma
Mwandikie mwandishi. Barua pepe yake mara nyingi ipo palepale kwenye ukurasa wa ikisiri. Wengi wanatuma.

mama_rafu
Kuandika sawa, lakini supavaiza hasubiri mtu aliye likizo.

Mdogo wangu, mimi nakaa dawati la maktaba ya chuo, hili naulizwa kila muhula. Ukiwa chuoni mchapishaji anaona mtandao wa chuo, anafungua. Ukiwa geto anaona laini yako ya simu tu, hakujui. Kwa hiyo usianzie Google. Muulize mkutubi wenu kama chuo kimejiandikisha Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo makala bure au kwa bei nafuu. Humo kuna Hinari ya afya, ya tangu 2002, na AGORA ya kilimo na uvuvi, ya 2003. Tanzania iko kundi A, lisilolipa. Nywila anayo mkutubi. Akikupa usiirushe kwenye grupu la darasa, maana ikivuja mnaweza kufungiwa chuo kizima.

Ukishaingia, tafuta humohumo. Anza na Journal of Great Lakes Research: ni jarida la Wamarekani na Wakanada, lakini ziwa letu limejaa humo. Bandika DOI, ile namba inayoanza na 10, kuliko kuandika kichwa kirefu ukakosea herufi.

Waholanzi wako ni HEST, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lililoanza kuchunguza furu hapa ghubani mwaka 1977. Hao usiwafuate makala mojamoja. Tafuta tasnifu za uzamivu kwenye hazina za mtandaoni za vyuo vikuu vya Leiden na Wageningen. Nyingi ziko wazi, na mara nyingi sura za tasnifu ndizo makala zenyewe. Ukitaka za zamani zaidi, ripoti za EAFFRO, lililokuwa shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki kule Jinja, Uganda, zimo Aquadocs, hazina ya mtandaoni ya machapisho ya maji na uvuvi, bure.

mtoto_wa_ghubani
Shikamoo mama. AGORA imekubali, nimeshusha nyingi tu! Ila moja ya sangara bado inadai hela.

mama_rafu
Marahaba. Si kila mchapishaji anafungulia kila nchi. Hiyo sasa ndiyo uipeleke Google Scholar, ubonyeze palipoandikwa idadi ya matoleo chini ya kichwa. Huenda mwandishi ameiweka yake kwenye hazina ya chuo chake. Ikikosekana, fuata ya kijana wa Igoma.

mtoto_wa_ghubani
Ipo! Haijapangwa kijarida, majedwali yote yako mwishoni, lakini imekamilika.

mama_rafu
Hilo huenda ni toleo la mwandishi lililokwisha kupita kwa wahakiki. Kwenye marejeo taja jarida, mwaka na DOI, na namba za kurasa zichukue kwenye ukurasa wa jarida, si kwenye hiyo PDF.