Mjadala: Nyota wa filamu za Kiafrikana anaweza kuziacha siasa zake nje ya studio?

Wadau, kila sinema ya Afrika Kusini ya Kiafrikana, lugha iliyotokana na Kiholanzi, inapozungumzwa, hoja moja haikosi: mwigizaji ahukumiwe kwa kazi yake, misimamo yake ni mambo yake binafsi. Mimi naipinga, na naanza na Steve Hofmeyr kwa kuwa ndiye mfano mgumu kuliko wote.

Hofmeyr ni mwimbaji na mwigizaji. Alijulikana sana kupitia Egoli, tamthilia iliyoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha M-Net mwaka 1992. Mwaka 2012 akatokea kwenye filamu ya Pretville kama Eddie Electric, nyota wa rock anayefika katika mji mdogo wa kubuni. Ni filamu ya nyimbo na dansi, ya miaka ya 1950, sketi pana zikizunguka na watu wakicheka mtaani.

Sasa tukumbuke miaka hiyo ilikuwaje. Sheria ya kuwaandikisha watu kwa rangi na ile ya kuwatengea maeneo ya kuishi zote zilipitishwa 1950. Februari 1955 polisi waliingia Sophiatown, Johannesburg, wakaanza kuwapakia wakazi weusi kwenye malori kuwapeleka kitongoji cha Meadowlands. Pretville haigusi hata chembe ya hayo. Watetezi wake husema ni burudani tu, watu waachwe waote. Waote, lakini ndoto ya miaka ya 1950 isiyo na ubaguzi wa rangi ni ndoto ya nani? Aliyefukuzwa Sophiatown hawezi kuiota.

Mwaka 2014 Hofmeyr aliandika Twitter kwamba, kwa mtazamo wake, watu weusi ndio walioasisi apartheid. Mwaka huohuo aliongoza umati kuimba Die Stem, wimbo wa taifa wa zama za Makaburu, kwenye Innibos, tamasha la sanaa la Kiafrikana. Mtaniambia hayo yalikuja baada ya filamu. Kweli. Lakini mwaka mmoja kabla ya Pretville alikuwa kwenye filamu ya Platteland pamoja na mwimbaji Bok van Blerk, yule aliyetamba na wimbo wa kumwita Jenerali Koos de la Rey, shujaa wa vita vya Maburu na Waingereza vya 1899 hadi 1902, arudi kuwaongoza Maburu. Wimbo ule ulivuma kiasi cha wizara ya utamaduni kutoa tamko mwaka 2007. Mtayarishaji anayewachukua waimbaji hao anachukua na hisia ambazo mashabiki wao wanakuja nazo ukumbini. Ndicho anacholipia.

Hoja ya soko naielewa. Lugha ina wasemaji wachache, na mwimbaji mwenye mashabiki tayari anauza tiketi. Ila wasemaji hao ni akina nani? Sensa ya 2011 ilihesabu karibu milioni 6.9 wanaoongea Kiafrikana nyumbani, na Wazungu hawakufika nusu yao. Kundi kubwa zaidi ni jamii ya Coloured, yaani watu wa asili mchanganyiko. Filamu ya Noem My Skollie ya 2016, inayotokana na maisha ya mwandishi wake John W. Fredericks huko Cape Flats, vitongoji vya Cape Town, ni Kiafrikana kitupu, na Afrika Kusini iliipeleka kuwania Oscar. Kwa hiyo msiniambie soko linalazimisha filamu za shamba, bunduki na gitaa.

Na umaarufu si lazima utumike kumbembeleza mtazamaji. Tazameni filamu ya Kanarie ya 2018. Nyota wake, Schalk Bezuidenhout, ni mchekeshaji, watu wanaingia wakisubiri kucheka. Filamu inafunguka akiwa kijana wa kijijini aliyevaa gauni la harusi, anatembea barabarani akijiona yuko kwenye video ya muziki. Unacheka. Kisha jeshi la 1985 linamchukua kuimba kwenye kwaya yake, na kile kicheko kinageuka hofu, kwa sababu sasa unajua anachokificha: anawapenda wanaume. Kanisa, sare, baba wa Kiafrikana asiyelia: vyote vinahojiwa na sura ileile iliyozoea kuchekesha. Huo ndio ujasiri ninaoutaka.

Kuhusu kumfungia mtu, sikubaliani na walioshangilia mwaka 2019 MultiChoice, kampuni ya televisheni ya kulipia yenye chaneli ya Kiafrikana ya kykNET, walipomkataa Hofmeyr kwenye majukwaa yao. Si kwamba namhurumia. Ni kwamba kumwondoa mtu mmoja kunawapa watayarishaji nafasi ya kunawa mikono, huku maandiko yaleyale yakipewa mwimbaji mwingine asiye na kelele Twitter.

Mnaosema msanii atenganishwe na kazi yake, naomba mnijibu hili: mngemtoa Hofmeyr kwenye Pretville mkaweka mwigizaji asiyejulikana kabisa, je, wale waliojaza kumbi wangekwenda kuitazama? Kama hapana, basi walikwenda kumwona Eddie Electric au walikwenda kumwona nani?