Jiwe la kilo 6 likifika Mwezini eti linakuwa kilo 1! Nani kawafundisha hivi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jana usiku nilikuwa nakagua daftari la fizikia la mwanangu. Swali: jiwe lenye tungamo la kilo 6 limepelekwa Mwezini, uzito wake huko ni kiasi gani? Mtoto kagawanya kwa 6, kwa kuwa mvuto wa Mwezini ni kama moja ya sita ya ule wa Duniani, kaandika "kilo 1". Kapewa vema kwa wino mwekundu, na pembeni "safi sana". Safi ya nini?

Tungamo (wengine mnaita masi) ni wingi wa maada iliyomo kwenye jiwe, na hupimwa kwa kilogramu. Haliliwi na safari. Kilo 6 zilizoondoka Duniani ndizo zinazofika Mwezini, zote. Uzito ni kani, yaani Dunia au Mwezi unalivuta jiwe kwa nguvu kiasi gani, na kani hupimwa kwa nyutoni. Duniani kila kilo inavutwa kwa nyutoni kama 9.8, kwa hiyo jiwe hilo lina uzito wa nyutoni 58.8. Mwezini kila kilo inavutwa kwa nyutoni 1.62 hivi. Zidisha: nyutoni 9.7. Hiyo kilo 1 imetoka wapi?

Najua ilikotoka. Kwenye mizani. Mizani ya springi haijui kilo ni nini, inajua kuvutwa tu. Aliyeitengeneza kachora kilo usoni mwake akijua utaitumia Duniani. Ukienda nayo Mwezini, mshale utasimama kwenye 1 na utakuwa unakudanganya. Chukua sasa ile ya sahani mbili, jiwe huku, mawe ya mizani huku: itasema 6 hapa na 6 kule, maana sahani zote mbili zinavutwa sawasawa. Wala si lazima ufike Mwezini. Mvuto kwenye ncha za Dunia unauzidi wa ikweta kwa karibu nusu asilimia, ndiyo maana mizani nyeti za kielektroniki hurekebishwa upya zikihamishwa.

Na anayeamini jiwe limekuwa kilo 1, alipige teke hukohuko Mwezini. Kulinyanyua atalinyanyua kirahisi, lakini kidole cha mguu kitamweleza habari za kilo 6.

Najua mtakuja na "mbona kila mtu anasema uzito wangu kilo 70". Sina ugomvi na hilo, hata mimi husema hivyo. Ila hili ni daftari la fizikia, jamani! Mkutano Mkuu wa kimataifa wa vipimo ulishalimaliza mwaka 1901: kilogramu ni kipimo cha tungamo, uzito ni wa jamii ya kani. Zaidi ya miaka 120!

Asubuhi nimempigia mwalimu. Kanijibu kwa upole kabisa: "Mzazi, mbona kitabu cha majibu ndivyo kinavyosema?"

Na mtoto hataki kusikia habari ya kufuta ile vema.