Kijana wangu wa miaka minane bado anakojoa kitandani, nifanyeje?

BintiWete:
Assalaam alaykum. Kijana wangu yupo darasa la pili na mpaka leo anakojoa kitandani. Kwa wiki, usiku mkavu ni mmoja au miwili. Tangu azaliwe hajapata kumaliza hata mwezi bila kulowesha.

Nimemkatia maji baada ya magharibi, nimemwamsha usiku, nimemkemea, na mara moja nilimchapa, Mungu anisamehe. Kilichonileta hapa ni cha juzi. Naamka alfajiri kutia udhu, namkuta keshaligeuza godoro peke yake, katandika kanga yangu kavu juu, mwenyewe kajilaza chini kwenye mkeka. Kaptura kaificha nyuma ya pipa la maji. Nilisimama mlangoni nisijue niseme nini.

Sasa amiye wa Konde kamwita akale naye Idi ya Mfunguo Tatu. Kakataa, anasema tumbo linamuuma. Tumbo haliumi hata kidogo.

Mpemba Halisi:
Fimbo, na mashuka afue mwenyewe mbele ya wenzake. Sisi tuliimbiwa "kikojozi" mtaa mzima na tukaacha.

Karafuu Kavu:
Uliacha kwa sababu ulikua, bwana, si kwa nyimbo. Mimi nimekojoa mpaka darasa la sita. Nilikuwa nakesha kwa hofu, usingizi ukinipitia karibu na alfajiri ndiyo hapo hapo. Mtoto kalala, anachapwa kwa lipi?

Nesi wa Vijijini:
Dada, usiku mwili hutoa homoni inayopunguza mkojo. Kwa watoto wengine homoni hiyo huchelewa, na usingizi ukiwa mzito kibofu kinajaa yeye hasikii. Jambo hili hurithiwa sana, muulize babake.

Ila nijibu haya. Choo kikubwa anakwenda kila siku? Utumbo uliojaa hukibana kibofu, na watu wengi hawalifikirii kabisa hilo. Mkojo unamuuma, au una damu mwishoni? Kichocho huku kwetu bado kipo, hasa kwa watoto wanaooga mitoni na mabwawani. Ana kiu isiyokatika na anakonda? Hapo usingoje, mpeleke leo leo akapimwe sukari. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Maana hao nao hukojoa sana usiku.

Maji usimkatie, mhamishie mchana. Watoto wetu skuli hawanywi, chuoni kwenye Kurani hawanywi, wakirudi usiku ndiyo vikopo viwili na chai juu yake. Chai ya rangi usiku iache, majani yake yana kafeini. Akojoe kabla ya kulala, hata mara mbili. Kumwamsha kunaokoa shuka tu, hakutibu. Ipo kengele inayolia nguo ikipata unyevu, inasaidia lakini inataka miezi ya subira, na vipo vidonge vya desmopressin, hivyo kwa daktari tu.

BintiWete:
Choo ni siku tatu, nne, na kigumu. Sikudhani vinahusiana.

Babake nimemuuliza. Kacheka, kanyamaza, kisha kasema: "Mpaka darasa la tano." Miaka kumi ya ndoa! Na mama mkwe anajua, na yeye ndiye kila siku ananambia namdekeza mtoto.

Mama Mkoani:
Pole mwaya. Choo chenu kiko nje? Wangu alikuwa haendi kwa kuogopa giza la uani. Nikamwekea tochi na ndoo yenye mfuniko chumbani, nusu ya tabu ikaondoka. Godoro livishe mpira chini ya shuka, na ukianika, anika uani, si barazani. Konde mwambie mke wa amiye pembeni, asisikie mwengine.

Karafuu Kavu:
Na babake amwambie mtoto kwa mdomo wake. Mimi ningepata mtu mzima mmoja wa kunambia hivyo!

BintiWete (baada ya wiki tatu):
Mkojo umepimwa, hakuna kichocho wala sukari. Kila siku namlisha papai na maji anabeba skuli, choo kimelainika. Wiki iliyopita usiku mkavu ulikuwa minne.

Babake alimwambia wakiwa wanachambua karafuu, mie nasikiliza dirishani. Mtoto akauliza: "Bibi alikupiga?" Alinipiga. "Ukaacha?" Sikuacha. Wakaendelea kuchambua.

Konde alikwenda, mpira kaukunja mwenyewe ndani ya mkoba. Alilowesha usiku mmoja, mke wa amiye akaondoa mashuka kabla watu hawajaamka. Sasa ananiuliza likizo ya skuli ni lini, anataka kurudi.

Mpemba Halisi:
Alhamdulillahi. Wangu mdogo ana sita. Huo mpira umenunua wapi?

BintiWete:
Sokoni, kwa wauza vitambaa vya meza. Ni plastiki ile ya meza, nene.