Aliyesema Ziwa Tanganyika "halipo mpaka mlitazame" aache kabisa!!!

Dagaa Mkavu (mleta uzi)
Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo hii kashika maiki mbele ya watoto wa kidato cha tano, hapa hapa Kigoma, na ziwa linaonekana dirishani, akasema: "Lile ziwa halipo mpaka mlitazame." Halipo! Mita 1,470 kwenda chini, halipo! Makofi yakapigwa mpaka migebuka wa upande wa Kongo wakashtuka.

Sababu yake? Eti mwanafalsafa Nick Bostrom alithibitisha mwaka 2003 kwamba tunaishi ndani ya simulesheni, yaani dunia ya kuigwa ndani ya kompyuta. Hakuthibitisha! Alisema angalau moja kati ya haya matatu ni kweli: karibu jamii zote huangamia kabla ya kupata uwezo wa kuendesha simulesheni kama hiyo, au zikiupata, karibu zote haziendeshi simulesheni za mababu zao, au sisi, karibu kwa hakika, tumo ndani ya simulesheni. Huyu kameza mawili, kawatemea watoto la tatu. Na hoja nzima inasimama juu ya dhana kwamba fahamu inaweza kuzuka kwenye silikoni kama inavyozuka kwenye ubongo. Bostrom mwenyewe anaiita dhana, tena mapema kabisa!

"Halipo mpaka mlitazame." Amewahi kuendesha simulesheni ya ziwa hata moja? Unalikata vijisanduku vya kilomita moja kwa moja. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 32,900. Ukiweka tabaka 50, una vijisanduku kama milioni 1.6. Kila kimoja kinabeba joto, shinikizo, na kasi ya maji kwa pande tatu. Penye kina kirefu wimbi refu hukimbia kama mita 120 kwa sekunde, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida ya hatua kwa hatua, hatua moja ya muda isizidi sekunde 8. Weka dakika nzima uone: namba zinalipuka, maji yanafika joto la jua, programu inakufa. Ukipunguza upana wa kijisanduku kwa nusu pande zote, vinakuwa mara 8, na hatua nazo zinakuwa mara mbili. Kazi mara 16! Na hapo bado hujaiga dagaa hata mmoja. Molekuli za maji ya ziwa hili zinazidi 1 yenye sifuri 41 nyuma yake.

Meli ya Liemba, enzi hizo ya Wajerumani, waliizamisha wenyewe humu ziwani Julai 1916, ikaibuliwa 1924. Miaka kadhaa chini ya maji, hakuna aliyeitazama. Kutu ilikuwa inamsubiri yeye? Grisi waliyopaka Wajerumani kwenye injini ilifanya kazi gizani, bila mtazamaji. HALIPO!

Isevya Juu
Tuliza mshono mkuu, utapasuka. Mimi niko Tabora, ziwa silioni, na lipo. Ila hoja yako ya Liemba inavuja. Michezo ya kompyuta haichori chumba mpaka ufungue mlango. Kutu inaweza kupigiwa hesabu siku ile ile meli inapoibuka.

Dagaa Mkavu
Haichori picha, lakini hali ya chumba imehifadhiwa! Ukitaka kutu sahihi ya miaka yote hiyo unapita hatua zile zile, 1916 au 1924. Umeahirisha deni tu.

Isevya Juu
Mwendesha simulesheni akikadiria unene wa kutu kwa kanuni moja fupi je? Nani angepima tofauti? Hasira yako imezidi fikra zako.

Binti Kasulu
Mwacheni, hasira yake ni halali. Hili la "kutazama" wanaliokota kwenye jaribio la fizikia la nyufa mbili, ambamo elektroni zikipita nyufa hizo huchora mistari ya mwingiliano, kama ya mawimbi. Weka kigunduzi kwenye ufa, toa binadamu wote, funga mlango: mistari ya mwingiliano inapotea vile vile. Kinachoiua ni elektroni kuacha alama ya njia iliyopita. Macho ya mtu hayahusiki.

Mzee wa Gungu
Wajukuu, wanaonichosha mimi ni wale wa upande wa pili, wanaosema kompyuta haiwezi kuwa na fahamu. Kila mjadala wanaufunga kwa mwanafalsafa John Searle: dhoruba ya kompyuta hailoweshi mtu. Sawa. Lakini 7 na 5 kwenye kompyuta ni 12 kweli kweli, si mfano wa 12. Sasa fahamu iko upande wa mvua au upande wa hesabu? Hapo ndipo mzozo wote ulipo, na wao wanaruka kana kwamba umekwisha.

Binti Kasulu
Shikamoo mzee. Hapo umegusa penyewe.

Dagaa Mkavu
Mzee nakuheshimu, ila turudi kwa huyu mtu. Alisema HALIPO.

Bangwe Boy
Swali dogo. Huko wanakotuendesha umeme ukikatika?

Binti Kasulu
Kama hali imehifadhiwa diskini, wanaweza kuwasha baada ya miaka 100 yao, kwetu ikawa sekunde inayofuata. Hatungejua. Kama haijahifadhiwa, basi. Ndiyo maana kazi ndefu za kompyuta huhifadhiwa mara kwa mara.

Bangwe Boy
Basi semeni na wauza UPS, zile betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika! Wanasema inakaa saa mbili. Betri ya ndani ni volti 12, Ah 7 (ampea-saa), yaani Wh 84 (wati-saa). Kompyuta ikivuta wati 150, kwenye karatasi ni dakika 34. Kwa kuvutwa haraka hivyo upate kama nusu yake.

Isevya Juu
Huku Tabora wanauza zilizokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa. Salfati, ukoko wa chumvi ya risasi, imeshaganda kwenye bamba za betri. Pima kabla hujalipa: ikisoma chini ya volti 12.4, rudisha.

Dagaa Mkavu
Wakuu, uzi unahusu ziwa!!

Bangwe Boy
@Isevya Juu, ukiichaji taratibu usiku kucha haiamki?

Isevya Juu
Ikiwa imeshuka chini ya volti 10 mara nyingi haiamki. Usipoteze hela.