Waya wa fedha kwa hedifoni za M50x, laki na thelathini: besi itarudi kweli au napigwa?

KijanaWaTandika

Habari za usiku wakuu.

Nina Audio-Technica ATH-M50x. Nilizinunua mkononi kwa jamaa wa Sinza aliyekuwa anafunga studio yake. Hakuwa na boksi, alinipa na ule waya wa springi tu, basi. Natengenezea biti kwenye laptop, na usiku nasikiliza muziki kawaida.

Sasa kuna mambo mawili yananisumbua. Upande wa kulia unakata na kurudi, hasa nikigeuza shingo. La pili, besi imekuwa nyepesi, siyo ile niliyoizoea mwanzoni.

Leo nilikuwa Kariakoo, mitaa ya Aggrey kule, nikakutana na muuzaji ana waya umesukwa nyuzi nane, unang'aa, anasema ni fedha tupu. Mwisho wake una pini nene ya milimita 4.4, na anakuongezea kiunganishi cha kushusha hadi 3.5. Alianza laki na nusu, tukashuka hadi laki na thelathini. Maelezo yake ni kwamba shaba inakaba besi, fedha inaiachia, na hiyo pini ya 4.4 inatenganisha kushoto na kulia ili muziki upanuke. Ameniwekea hadi kesho jioni.

Mwenye uzoefu aniambie, nichukue?

BesiNzito

Chukua mkuu, usiulize mara mbili. Mimi nilibadilisha waya kwenye eafoni zangu za KZ, nikaweka wa shaba iliyopakwa fedha. Dakika ya kwanza tu nilisikia matoazi yamesafika. Wanaosema waya haubadilishi kitu wengi wao hawajawahi kununua.

Chuma_cha_Kale

Laki na thelathini ya waya? Hiyo si kodi ya chumba Mbagala na chenji ya umeme inabaki?

Fundi_Gerezani

Dogo, weka hela mfukoni kwanza. Umetaja magonjwa mawili, muuzaji amekupa dawa ya ugonjwa wa tatu.

Hizo M50x waya wake unaingia kikombe cha kushoto peke yake. Sauti ya kulia inapita ndani ya utepe wa kichwani hadi ng'ambo. Kwa hiyo kulia kukikata, washukiwa ni wawili: waya wa nje, au nyuzi nyembamba za ndani pale kwenye bawaba, maana vile vikombe vinazunguka na watu wanavizungusha hovyo. Kama ni bawaba, hata ununue waya wa dhahabu utaendelea kukata.

Tafuta multimita, kile kipimo cha umeme, iweke kwenye omu 200 (omu ni kipimo cha ukinzani). Kwenye pini ya 3.5, ile ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni la pamoja. Gusa ncha na shina, utasoma karibu na 38. Ikipungua au kuzidi kidogo usishtuke. Pete na shina, vivyo hivyo. Ncha na pete utapata karibu mara mbili yake, kwa sababu hapo umeme unapita spika zote mbili. Ukishaona namba zimetulia, acha probu kwenye pete na shina, halafu mwambie mtu atikise waya taratibu kuanzia kwenye pini kupanda juu. Namba ikiruka ukiwa chini, ni waya. Ikikaa kimya hadi azungushe kikombe ndiyo iruke, fungua hedifoni, usinunue waya.

Huna multimita, pita kwa fundi simu yeyote. Kazi ya dakika mbili.

Omu_na_Volti

Naunga mkono fundi hapo juu. Niongeze upande wa hesabu, maana hili la fedha linarudi kila mara na watu wanatoa hela kwa maneno.

Fedha inapitisha umeme kuliko shaba, ni kweli. Lakini inazidi kwa asilimia 5 au 6 tu. Sasa tuchukue waya wa hedifoni wa kawaida, geji 28 tuseme (geji ni kipimo cha unene). Kila mita moja ya shaba ya geji hiyo ina omu 0.21 hivi. Waya wako una mita 1.2 ukiwa haujavutwa. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo chukulia mita 2.4, ambayo ni takriban omu 0.5. (Waya wa springi ukiunyoosha ni mrefu zaidi, lakini hoja haibadiliki.) Spika zako ni omu 38. Waya mzima wa shaba unakupunguzia sauti kwa desibeli 0.1 na kidogo. Ukiweka fedha safi ya unene uleule, tofauti kati ya nyaya hizo mbili haifiki hata sehemu moja ya mia ya desibeli. Na upungufu huo unagusa masafa yote kwa pamoja, besi hadi juu. Hakuna namna shaba ikamate besi peke yake na kuacha mengine yapite.

Kuhusu fedha ya kupaka juu ya shaba, wauzaji wanasema sauti za juu zinatembea kwenye ngozi ya waya. Jambo hilo lipo kwenye umeme, hasa masafa ya redio. Kwenye 20,000 Hz, mwisho wa masikio ya binadamu, umeme bado unapenya karibu nusu milimita ndani ya shaba. Nyuzi za hedifoni ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo umeme unautumia waya wote.

La 4.4 ndilo lililonifanya niandike. Hiyo pini ni ya vifaa vyenye amplifaya mbili zilizotengana, kila sikio na njia yake ya kwenda na ya kurudi, yaani nyaya nne. Soketi ya M50x ina njia tatu tu, kushoto na kulia wanachangia njia ya kurudi. Ili pini ya 4.4 ifungwe kwenye waya wa hizo hedifoni, lazima njia mbili za kurudi ziunganishwe mahali fulani. Ukichomeka kwenye kicheza muziki chenye tundu halisi la 4.4, utakuwa umegonganisha njia mbili za amplifaya ambazo hazitakiwi kukutana, na kifaa kinaweza kuumia. Ukitumia kile kiunganishi cha kushusha hadi 3.5 hutaharibu kitu, ila pia hujapata kitu. Umerudi palepale kwenye laptop yako.

BesiNzito

Mkuu Omu, hesabu nzuri, lakini mimi nilisikia kwa masikio yangu. Au mimi ni chizi?

Omu_na_Volti

Sijasema hivyo ndugu yangu, na kwako kuna uwezekano kweli ulisikia kitu. Eafoni zenye vispika vingi ndani, ukinzani wake haukai namba moja. Kwenye masafa fulani ni omu 30, kwingine unashuka hadi 10 au chini. Waya ukiwa na omu moja zaidi au pungufu, yale masafa yenye ukinzani mdogo yanaguswa kuliko mengine, na ladha inasogea. Lakini waya wa shaba mnene wa bei ya chakula cha mchana ungefanya vilevile, kwa sababu kinachosukuma hapo ni omu, fedha haina kazi.

Halafu jaribu hivi. Mpe mtu abadilishe nyaya wewe ukiwa umefumba macho, sauti ikiwa kiwango kilekile, asikuambie amechomeka upi. Ukiotea mara nyingi mfululizo, nitakununulia chipsi mayai.

BesiNzito

Chipsi mayai na mishkaki.

dijei_Mabibo

Mimi nyaya nabadilisha kila zikichoka na sijawahi kutafuta sauti humo. Kwenye kazi yangu waya unakanyagwa, unavutwa, unamwagiwa bia. Natumia Sennheiser HD 25, zile kila kipande kinafunguka na kinauzwa peke yake, na waya wake una pini mbili zisizolingana unene kwa hiyo huwezi kugeuza kwa makosa hata gizani. Mtoa mada, ukinunua waya angalia vitu vitatu: urefu unaokufaa, ulaini usiokusugua shingo na kukuletea kelele ya msuguano masikioni, na kile kimpira cha kuzuia kukunjika pale pini inapoanzia. Kimpira kikiwa kigumu kama jiwe, waya utakatika palepale. Waya wenye kidude cha kupunguza sauti katikati, kataa. Vya bei rahisi vikichakaa sikio moja linakuwa dogo kuliko lingine.

Na uende na hedifoni dukani. Tundu la M50x ni 2.5 lakini limezama ndani, na lina mfumo wa kuzungusha ili pini ifunge. Pini nyingi za 2.5 za mtaani ni nene kwenye shingo, hazizami.

Binti_wa_Kigamboni

Jamani, mnamzungushia kaka wa watu mahesabu, hakuna aliyemuuliza hali ya sponji.

Kaka, zile sponji za masikioni zikoje? Ngozi imebanduka? Kama inakuachia vipande vyeusi kwenye mashavu, hapo ndipo besi yako ilipokwenda. Hedifoni za kufunga sikio zinahitaji hewa isivuje. Hewa ikivuja, sauti za chini ndizo za kwanza kuondoka. Nafanya kazi ya kuhariri sauti na nimeziona nyingi. Joto hili la Dar na jasho, ngozi ya bandia haidumu. Jaribu kitu kidogo: weka wimbo wenye besi, halafu bonyeza vikombe kwa viganja vikae vizuri kichwani. Besi ikirudi ghafla, una jibu.

Na kuhusu hizo nyaya zinazong'aa ndani ya plastiki angavu, wangu uligeuka kijani kibichi, huku kwetu na unyevu wa bahari. Shaba ilikuwa inapata kutu ndani kwa ndani. Sauti haikubadilika hata kidogo, lakini urembo niliolipia ulikwisha.

Chuma_cha_Kale

Kijani na njano, rangi za Wananchi, Yanga. Mtani wangu atalia.

KijanaWaTandika

Wakuu, mrejesho.

Dada wa Kigamboni, umenimaliza. Nimebonyeza vikombe, besi imerudi yote. Sponji zimepasuka upande wa ndani, nilikuwa naona ni uzee wa kawaida.

Mzee Fundi, nimepita kwa kijana wa simu hapa Tandika. Kushoto 37 na pointi, imetulia. Kulia inasoma vizuri halafu inapotea akishika karibu kabisa na pini ya 3.5, pale inapoanzia. Tumezungusha vikombe vyote viwili, namba haikucheza. Kwa hiyo ni waya, na ni chini.

Nikapitia na Aggrey kwa udadisi, safari hii na hedifoni. Ule waya wa fedha haukuingia. Shingo ya pini nene, inagota juu ya tundu. Muuzaji akasema subiri, akatoa wembe aanze kuchonga plastiki ya pini. Nikamwambia nitarudi.

Swali la mwisho: je, nikate pale chini nifunge pini mpya, au ninunue waya mzima wa shaba? Kijana wa simu alijaribu kuchomelea pini, risasi haikushika kabisa kwenye nyuzi.

Fundi_Gerezani

Haikushika kwa sababu nyuzi zina vanishi, kama zile za kusukia mota. Kila uzi umepakwa rangi ili usigusane na mwenzake. Huwezi kuikwangua kwa kisu, utazikata. Anatakiwa aweke tone la risasi kwenye ncha ya pasi ya kuchomelea, pasi iwe ya moto sawasawa, aongeze fluksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), achovye ncha za nyuzi ndani ya lile tone hadi vanishi iungue na risasi ianze kutambaa. Moshi wake asiuvute. Mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, ya shaba tupu ni ya pamoja, lakini apime kabla hajafunga kwa sababu viwanda havifanani. Akate sentimita tano au sita kupanda juu kutoka kwenye pini ya zamani, maana palipokatika hapaonekani kwa nje.

Kitu kimoja utakipoteza. Pini yake ya asili ina mistari ya skrubu ya kufungia kile kiunganishi kikubwa cha 6.35. Pini mpya haitakuwa nayo. Kama hutumii mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), hutaikumbuka.

Ni kazi ya elfu chache na pini ya chuma nzuri. Waya mzima nunua baadaye ukipata wenye shingo nyembamba, ukiwa na hedifoni mkononi. Sponji anza nazo kesho, hizo za M50x zinapatikana kwa urahisi kwa sababu hedifoni zenyewe ni nyingi. Pima tu ukingo uingie kwenye mfereji wa kikombe pande zote, usikubali zinazoning'inia.

KijanaWaTandika

Shukrani sana mzee wangu, na wote. Kesho sponji na pini.

BesiNzito

Wakuu, ule waya wa Aggrey bado upo? Kama hautaki mtoa mada naweza kuushusha hadi laki.

Fundi_Gerezani

Huo una pini ya 2.5, na KZ zako ni za pini mbili kila sikio. Unauchomeka wapi?