Bomba la bafuni linanipiga shoti, nifanyeje?

Mpangaji_Dar: Wakuu naombeni msaada, nikishika bomba la bafuni nasikia umeme unatambaa mkononi hasa nikiwa peku na sakafu imelowa, baba mwenye nyumba anasema eti ni umeme wa nguo tu nitazoea, kweli?

Kisakiti: Usizoee hata kidogo mkuu. Umeme wa nguo, ule wa sweta, unachoma mara moja unaisha, tena unataka hewa kavu, sasa kwa jasho hili la Dar utautoa wapi. Huo wa kila ukishika unavuja kutoka kwenye laini ya volti 230. Una hita ya kuogea?

Mpangaji_Dar: Ipo, ya kwenye shawa

Kisakiti: Haya, kwa mkono mkavu zima breka ya hita na usiiwashe. Mara nyingi elementi, ile koili ya kuchemshia maji, imepasuka na waya wa athi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, haujaungwa, muite fundi umeme apime, afunge na ile breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja.

Bi_Mbagala: Majirani nao wacheki, kwetu kumbe ilikuwa pampu ya kisima ya nyumba ya pili 😂