Mada: Chemba wanadai saa za karakana. Nani ana muhtasari wa zamani wa umeme?

Fundi, Kassel
Habari zenu wote, wakubwa shikamooni. Barua ya chemba ya mafundi ya hapa imenifika. Niliomba Anerkennung (kutambuliwa kwa cheti cha nje hapa Ujerumani) ya Elektroniker, yaani fundi umeme, nikapeleka Trade Test Gredi I (jaribio la ufundi la nyumbani Tanzania), cheti cha kidato cha nne mkondo wa ufundi na barua za waajiri, vyote vimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Sasa wanataka muhtasari wa masomo unaoonyesha saa za nadharia na saa za karakana, somo kwa somo, tena wenye mhuri. Chuo nilikosoma wamenijibu kwa WhatsApp eti mafaili ya miaka ile "hayapo karibu". Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kuna mwenye muhtasari wa umeme wa kabla ya hizi Level, madaraja mapya ya vyeti vya ufundi? Na mhuri anagonga nani: chuo, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) makao makuu au NACTVET (baraza la elimu ya ufundi)?

Mama Pili, Stuttgart
Pole sana mdogo wangu. Achana na hao wa mkoani, peleka kila kitu IHK FOSA kule Nürnberg. Ndio wanaoshughulikia vyeti vya nje. Baba Pili alipita huko huko na karatasi yake akapata.

Mzee wa Bremen
Dada, tusimpoteze kijana. Baba Pili ni mtu wa ghala, hiyo ni fani ya chemba ya IHK. FOSA wanashika viwanda na biashara. Fundi wa umeme wa majumbani ni Handwerk (kazi za mikono), anakwenda HWK, yaani chemba ya mafundi, ya anakoishi. Angekuwa ameomba Betriebstechnik, umeme wa viwandani, hapo sawa, FOSA. Fundi, umeomba ipi? Na ile miezi mitatu ya kutoa uamuzi chini ya BQFG, sheria ya kutambua vyeti vya nje, inaanza kuhesabiwa makaratasi yakishatimia, si siku uliyotuma.

Mama Pili, Stuttgart
Asante kwa somo, Mzee. Mimi nilidhani kusaidiana ndiyo kazi ya kundi hili.

Fundi, Kassel
Energie- und Gebäudetechnik, umeme wa majumbani. HWK. Swali langu ni la muhtasari tu.

Mkenya, Hamburg
Fundi, saa za karakana utazitoa wapi na hazikuandikwa? Sisi mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 wazazi walichangishwa harambee wajenge warsha. Kwetu ilijengwa, ikawekwa jiriwa mbili, halafu ikafungwa kufuli kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa vifaa kuibwa. Siku ya kuonyesha kazi za mikono tulikwenda sokoni tukanunua vikapu. Mwalimu alijua, na mama muuza vikapu alijua pia, maana wiki hiyo bei ilipanda. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa, sasa mtaala mpya wa CBC unayarudisha kwa jina jingine na wazazi ndio wanaofanya homework.

Mzee wa Bremen
Nyinyi mlikuwa na jiriwa. Sisi tuna Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na Mwalimu Nyerere aliiandika vizuri kabisa: shule iwe na shamba, mtoto ajifunze kwa kulima, mavuno yawasaidie wenyewe. Tulichofanya? Aliyechelewa namba, jembe. Aliyeongea Kiswahili darasani, jembe. Anayeshika namba moja amepumzika kivulini. Halafu tunashangaa kazi ya mikono kuonekana ni ya waliofeli! Mchakamchaka nao ulikuwa hivyo hivyo, mazoezi ya mwili kwa fimbo.

Mama Pili, Stuttgart
Hapo Mzee umesema. Mwanangu alipomaliza darasa la nne mwalimu alipendekeza Realschule, sekondari ya ngazi ya kati. Nilipowaambia nyumbani Tanga wakauliza kwa sauti ya msibani, "Kwani amefeli?" Sasa ana somo la Technik (ufundi), amenitengenezea taa ya mezani kwa mbao, soketi ameunga mwenyewe, na mwalimu ameandika alama ya kupima, ya kukata na ya usalama, kila moja mbali. Darasa la tisa ataenda Praktikum (mafunzo kazini) kwenye karakana ya magari. Kinachomwangusha ni Sport. Mtoto wa wazazi wa Tanga, hajui kuogelea!

Mwana wa Musoma, Köln
Na sasa Tanzania tuna mkondo wa amali, yaani ufundi sekondari, umeanza 2024. Mimi nauliza jambo moja: mtoto wa waziri yupi yuko kwenye amali? Wakinionyesha mmoja, nitaamini.

Mkenya, Hamburg
Hata kwetu hakuna. Lakini mafundi wa mabomba wa hao mawaziri ni wazuri.

Mzee wa Bremen
Siasa pelekeni kwingine. Fundi, kama karatasi haipatikani na kosa si lako, omba Qualifikationsanalyse, yaani kupimwa kwa vitendo, kifungu cha 14 cha BQFG. Lakini WhatsApp haitoshi, chuo kikuandikie barua rasmi kwamba kumbukumbu hazipo. Wakikubali, watakusimamisha mbele ya bao la nyaya na kukuangalia unavyofanya kazi. Mafundi wetu wengi mikono wanayo, wanaangukia kwenye kupima: insuleshen, ardhi, FI (swichi ya kukata umeme unaovuja), halafu kujaza Prüfprotokoll, fomu ya vipimo, kwa kanuni ya VDE 0100-600. Zile kanuni tano za usalama zikariri kwa Kijerumani na kwa mpangilio wake. Ukianza kupima kama umeme upo kabla ya kuzima na kuzuia usiwashwe tena, umekwisha. Jumamosi nipo nyumbani, njoo na kipimo chako.

Fundi, Kassel
Shikamoo Mzee, nashukuru sana, nitakuja. Ila hiyo barua ya chuo nayo inataka mhuri wa nani?

Mama Pili, Stuttgart
Mdogo wangu, kuna dada wa hapa anaruka Dar mwezi huu, ila mabegi yake yamejaa. Karatasi tu atabeba. Nitafute inbox.

Mkenya, Hamburg
Mzee, hilo darasa la Jumamosi ni la Watanzania peke yao? Nina shemeji amekwama na hiyo hiyo FI.